Mzee wa Kuazima

Sindano ilikuwa imekwama kwenye upindo wa shuka, na Mlingoti alikuwa akiisukuma kwa kitako cha kijiko, amesimama juu ya meza ya kulia chakula, kichwa chake nusura kiguse dari. Chama cha Maigizo hakikuwa na pazia, kama ambavyo hakikuwa na jukwaa wala ukumbi. Kilikuwa na bwalo la chakula kuanzia alasiri mpaka kengele ya jioni, kilikuwa na meza za kufunganisha kwa kamba, na kilikuwa na wanachama waliokubali kulalia magodoro matupu ili mashuka yao yapate heshima ya kutazamwa na wazazi.

"Vuta uzi, usiubembeleze," alisema Hakimu kutoka chini.

Huyu alikuwa mwenyekiti wa chama, binti mfupi wa mwaka wa pili. Jina hilo alipewa kwa sababu akikutazama baada ya kukosea, unajikuta umeshakiri kabla hajakuuliza.

Mlingoti alivuta, lakini akili yake haikuwa kwenye uzi. Asubuhi ile Redio alikuwa amemletea salamu kutoka barabarani. Redio ndiye aliyecheza nafasi ya mchumba, na aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa bila kitufe cha kuzimia.

"Dereva wa lori la saruji kasema baba yako anakuja kuona mchezo," Redio alimwambia. "Mbona umekunja uso? Mimi wangu nimemwandikia mara mbili, hata salamu hakuna."

Mwingine angefurahi. Mlingoti alipoteza hamu ya uji.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, chuo cha ualimu cha zamani zile, mabweni mawili na madarasa manne, na redio moja tu ya kweli, iliyokaa dirishani kwa mkuu wa chuo na kuzimwa kila ilipoanza kunoga. Kwa hiyo vyama ndivyo vilivyokuwa starehe yao. Kulikuwa na kwaya, kulikuwa na mdahalo, kulikuwa hata na Chama cha Wapiga Picha, chenye kamera isiyo na filamu, ambacho wanachama wake walikutana kila wiki kujadili picha ambazo wangepiga. Chama cha Maigizo kilikuwa kidogo kuliko vyote, lakini kilikuwa na desturi ambayo wengine hawakuwa nayo. Waliiita kuazima.

Ukipewa nafasi, hukuruhusiwa kumtunga mtu kichwani. Ulitakiwa uende ukakae, umkumbuke mtu unayemjua, kisha umwazime: mwendo wake, kikohozi chake, namna anavyoshika kikombe. "Mtu wa kutunga ni kikaragosi," Hakimu alikuwa akiwaambia wageni wa chama. "Mtu wa kweli ana mifupa." Na sharti lilikuwa moja: usimtaje uliyemwazima. Hilo liliwekwa kulinda heshima ya watu. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mwenyewe anaweza kuja akaketi mstari wa mbele, maana walioazimwa wote walikuwa mbali.

Mlingoti alipewa nafasi ya Mkwe, mzee anayekuja kumkagua kijana anayetaka kumwoa binti yake. Akamwazima baba yake.

Baba yake alikuwa fundi baiskeli. Kwenye karakana yake kila kinachoingia hupinduliwa kwanza: kiti na usukani chini, magurudumu juu, ndipo maneno yaanze. Na miaka ilivyokwenda, tabia hiyo ilitoka karakanani ikaingia nyumbani. Mzee hakalii kigoda kabla ya kukipindua na kugusa miguu yake. Akipewa kikombe hukitazama kitako. Viatu vya watoto vilipita mikononi mwake nyayo juu, kila jioni. "Haya, tukione," angesema, awe anazungumza na kigoda au na daktari. Kabla ya kusalimiana hupangusa viganja kwenye mapaja ya suruali, hata kama ametoka kuoga, na kuinuka kwake ni kwa awamu: kwanza mkono gotini, kisha pumzi, kisha mwili wote.

Hakumwazima kwa ubaya. Mwaka ule wa kwanza chuoni alikuwa mpweke, na siku ya kwanza alipoinuka kwa awamu mbele ya wenzake, mkono gotini, alihisi kama baba yake ameingia bwaloni na kufunga mlango nyuma yake. Lakini wenzake walicheka. Walicheka sana, na ilikuwa mara ya kwanza kwa watu kumtazama kwa jambo lisilokuwa urefu wake. Kicheko ni kitamu. Ukishakionja, unaanza kukitilia chumvi. Wiki iliyofuata Mkwe alipindua sinia. Baadaye alipindua kofia ya mchumba. Sasa hivi alikuwa anamshika mchumba mguu na kumwinua, akague soli. Hapo ndipo kuazima kulipoanza kuwa kitu kingine, na Mlingoti alijua, ila aliona hakuna wa kudhurika. Baba yake hakuwahi kufunga karakana hata kwa homa. Angekuja kufanya nini?

Isipokuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeandika barua nyumbani kujigamba kwamba amepewa nafasi kubwa.

"Mchezo ni Jumamosi, keshokutwa," alijiambia pale mezani, akishona. "Nitapata la kufanya."

Akasikia mtu akibisha hodi.

Mlangoni alisimama mtu mrefu, mgongo umepinda kidogo, mabega meupe kwa vumbi la saruji, kikapu mkononi. Kabla ya kusema neno jingine alikiweka kikapu chini, akapangusa viganja kwenye mapaja ya suruali, kimoja baada ya kingine.

Aliyemjua alikuwa mmoja tu, lakini wote walimtambua.

"Karibu, mzee. Shikamoo," Hakimu alisema, akiwa wa kwanza kupata sauti.

"Marahaba, wanangu. Namtafuta mwanangu, mrefu mmoja hivi. Naam, yule kule juu."

Mlingoti alishuka mezani, akamwamkia baba yake kwa mikono miwili. "Baba, si ulikuwa uje Jumamosi?"

"Nilisema nakuja. Sikusema Jumamosi. Lori linapita leo, nimepanda leo."

Hakimu alimsogezea kigoda. "Haya, tukione," mzee alisema, akakipindua. Akagusa miguu yake mmoja mmoja, akakisimamisha, akakaa. Redio akashikwa na kikohozi ambacho hakikutoka kifuani.

"Pole, kijana," mzee alimwambia. "Ni vumbi langu hilo."

"Ndiyo, mzee. Ni vumbi."

"Endeleeni basi. Nimekuja kutazama, sikuja kuwazuia."

"Leo tunashona tu, mzee," Hakimu alisema haraka.

"Mashuka nimeshayaona, hata kwangu yapo. Nionyesheni mchezo kidogo. Nimekalia saruji njia nzima."

Hapakuwa na mwenye moyo wa kumnyima. Redio alienda kukaa mahali pa mchumba. Mlingoti alitoka nje ya mlango wa jikoni, akavuta pumzi, akaingia kama Mkwe. Alikusudia kumcheza kwa mbali, kama mtu anayepita jirani na nyumba bila kubisha. Lakini mtu ukishamwingiza mwilini hakuulizi tena. Viganja vilijipangusa vyenyewe. Ulimi ukasema, "Haya, tumwone." Sinia likapinduka.

Hakuna aliyecheka. Wanachama walitazama dari, wengine vidole vya miguu yao. Mlingoti aliendelea ndani ya ukimya ule, akaipindua kofia, na ndipo sauti ikatoka kwenye kigoda, sauti kavu ya kupanda na kushuka, kama pampu ya baiskeli iliyokufa ngozi ya ndani. Baba yake alikuwa anacheka. Mkwe alipomshika Redio mguu na kuutazama unyayo wake, mzee alijipiga goti, akashika mbavu, akatoa kitambaa na kufuta macho. Alicheka peke yake katika bwalo zima, mpaka mwisho wa onyesho la kwanza.

"Mwanangu," alisema alipopata pumzi, "umemtoa. Umemtoa mzima mzima."

"Nani, baba?" Mlingoti aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Baba yako mdogo. Ule upangusaji wake wa mikono! Na vile anavyopindua vitu, we, nilimwambia tangu ujana wetu, ndugu yangu, mbona unapindua hata kisichokuwa na chini?"

"Nyani haoni..." Redio alianza kunong'ona. Hakimu akamkanyaga kidole, methali ikaishia hapo.

Mzee bado alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa linapoa, kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni. Akaweka mkono gotini, akavuta pumzi, akainuka. "Njoo nje kidogo," alimwambia mwanawe.

Walisimama barazani, karibu na bomba la kuoshea vyombo.

"Jumamosi anakuja," mzee alisema.

"Baba mdogo?"

"Anakuja na mama yako na shangazi yako. Nimemshawishi mimi, hakutaka. Tangu vijana wa sokoni wamfanye vile, hapendi penye watu. Hukusikia?"

Mlingoti hakuwa amesikia.

"Walikuwa wanamfuata nyuma. Akishika tunda kulipindua, nao wanapindua. Akijipangusa, nao wanajipangusa. Siku moja akasikia kicheko, akageuka, akawaona. Hakusema kitu. Lakini mpaka leo haipiti ile njia, anazunguka nyuma ya kinu, hata akiwa na mzigo begani. Nikamwambia, ndugu yangu, achana nao, ni watoto. Nilikuwa nacheka kidogo, nisikufiche. Akanijibu, 'Kaka, wewe hujawahi kugeuka nyuma ukajiona.'" Mzee alitikisa kichwa. "Sijui alikuwa na maana gani. Ila alinyamaza wiki nzima."

Maji yalidondoka bombani. Mlingoti aliyatazama.

"Akichekwa na watoto wa watu," baba yake aliendelea, taratibu, "atasema ni watoto wa watu. Akichekwa na mtoto wake mwenyewe, na mimi kaka yake nimekaa pembeni nashika mbavu, atasema nini?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno ya Mlingoti. Sikumwazima baba mdogo. Angelisema, angemwokoa mzee mmoja aliyeko mbali na kumvunja huyu aliyesimama mbele yake. Alimtazama baba yake usoni, akaona hana hata chembe ya shaka. Anamhurumia mdogo wake kwa moyo mmoja, kwa jambo ambalo lingempata yeye. Mlingoti akalimeza lile neno.

"Nitambadilisha, baba."

"Utaweza? Usinijibu kwa kuniridhisha. Kama haiwezekani, niambie, nitajua la kumwambia asije. Sitaki kukuharibia kazi yako."

"Nitaweza."

"Haya." Mzee alimshika bega. "Ila umenichekesha. Sijacheka hivyo tangu babu yako yuko hai."

Akarudi ndani, akaomba sindano. Alisema hawezi kukaa bure wakati watoto wanafanya kazi, akajipakatia shuka na kuanza kushona kwa mishono mirefu kama ya kushonea kiti cha baiskeli.

Mlingoti akamvuta Hakimu kwenye kona ya sinki.

"Haiwezekani," Hakimu alisema alipomsikiliza. "Mchezo mzima umetundikwa kwenye kigingi hicho. Ukiking'oa, tunabaki na nini? Redio anaongea?"

"Mwenyewe yuko pale."

"Najua. Sote tumemwona. Lakini amecheka."

"Amecheka kwa sababu hajajua. Jumamosi atakuwepo mama, atakuwepo shangazi, atakuwepo huyo baba mdogo. Wao watajua kabla sijagusa sinia. Na hawatanitazama mimi. Watageuka wamtazame baba."

Hakimu alimtazama mzee pale kwenye kigoda, aliyekuwa amelipindua shuka kuangalia mshono upande wa pili.

"Ile ya kumwinua mtu mguu," alisema mwishowe, "nilikwambia mimi uiongeze."

"Na mimi niliikubali."

"Tulisema usimtaje mwenyewe. Tukadhani tumemaliza. Hatukusema mwenyewe akija tufanyeje." Alijifuta mikono kwa aproni ya jikoni. "Arudishiwe chake, basi. Utamwazima nani?"

Redio alikuwa amesogea, maana hakuna kona iliyokuwa ndogo kiasi cha kumzuia. "Mwazime mlinzi," alisema.

"Mlinzi ndiye atakayekaa mlangoni Jumamosi."

"Mkuu wa chuo."

"Unataka turudi kwetu na lori la saruji?"

"Mpishi, basi. Yule anavyokoroga huku amefumba macho."

"Mpishi ndiye anayetuachia bwalo," Hakimu alisema. "Akitunyima, tutachezea wapi, kichwani kwako? Kila mtu ana wa kwake, na wote watakuwepo." Akamtazama Mlingoti kutoka chini hadi juu, safari ndefu. "Amebaki mmoja ambaye akichekwa tutakuwa tumeomba ruhusa."

"Nani?"

"Kuna mtu mmoja humu anagonga kichwa kwenye kila mlango, halafu anauomba mlango msamaha."

Redio aliangua kicheko, akajizuia. Mlingoti alihisi masikio yakimchoma. Alipofika chuoni walimcheka kwa urefu wake muhula mzima. Alijifunza kuingia milangoni amejikunja, kukaa nyuma darasani, kunywa maji wa mwisho ili asisimame kwenye foleni kama mti wa bendera. Mwaka mzima alikuwa akiwasahaulisha watu. Sasa alitakiwa awakumbushe, tena mbele ya wazazi wa chuo kizima.

Alimtazama baba yake. Mzee alikata uzi kwa meno, akanyoosha mgongo, akamwona mwanawe anamwangalia, akampungia sindano.

"Sawa," Mlingoti alisema. "Nitajaribu."

Alitoka nje ya mlango wa jikoni. Safari hii alikaa huko kitambo, mpaka Redio akasema labda amepanda lori. Kisha akaingia. Hakujikunja. Paji la uso liligonga fremu kwa sauti iliyosikika bwalo zima, na Mkwe, mzee aliyetoka mbali kuja kumkagua kijana wa watu, akaigeukia fremu akaiambia kwa adabu, "Samahani." Akatafuta mahali pa kuweka mikono yake, asipapate. Akaketi kwenye benchi, magoti yakapanda karibu na masikio. Alipaswa kumtazama mchumba, lakini kila mchumba alipomtazama yeye, alikimbiza macho sakafuni, kana kwamba ndiye aliyeletwa kukaguliwa.

Mwanzoni kicheko kilitoka kwa mtu mmoja huko nyuma. Kisha kwa Redio, ambaye alisahau maneno yake, jambo lisilowahi kumpata. Kilikuwa kicheko cha namna nyingine, cha chini chini, kama watu wanaomcheka mtu wanayetaka kumkaribisha.

Mzee alikuwa ameacha kushona. Hakucheka, alitazama ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Huyu simfahamu," alimwambia Hakimu. "Ni wa hapa kwenu?"

"Ni wa hapa hapa, mzee."

"Anaonekana mtu mwema. Ana haya tu. Msimwonee sana."

"Hatumwonei, mzee," Hakimu alisema, akageukia jukwaani kwa haraka kidogo. "Haya, onyesho la pili. Mkwe anamkatalia mchumba."

Hapo ndipo mambo yalipogoma. Mkwe wa zamani alikuwa na namna yake ya kukataa: alikipindua kikombe cha chai kitupu, akakisukuma, akaondoka. Huyu mpya alikishika kikombe kwa mikono miwili asijue akifanye nini. Alisema "hapana" likatoka kama "ndiyo". Akarudia kwa sauti kubwa, ikawa kama anamgombeza mtoto. Akainuka aondoke, akajikwaa kwenye kamba iliyofunga meza, na hilo halikuwa kwenye mchezo.

"Umesimama kama mlango," Hakimu alisema. "Tena."

Alirudia. Redio alimshauri alie kidogo. Mwingine akamshauri asiseme kitu, aondoke tu. Walijaribu vyote viwili, na vyote viwili vilikuwa vibaya, na walikuwa bado wanabishana kipi kibaya zaidi kengele ya chakula ilipogongwa na mpishi akatokeza kichwa dirishani.

"Nataka meza zangu," mpishi alisema.

Jukwaa likaanza kufunguliwa. Kamba zilitupwa kwenye rundo moja, pazia likakunjwa lilivyo, nusu limeshonwa na nusu linaning'inia. Mlingoti alishika upande mmoja wa meza, na kabla hajamwita mtu, baba yake alikuwa ameshashika upande wa pili.

"Utalala wapi, baba?"

"Mlinzi kaniambia ana kitanda. Kesho nipo. Nitamalizia lile shuka."

Waliibeba mpaka dirishani, wakaiweka. Hakimu aliwapita amekumbatia mabenchi mawili.

"Kesho tunaanzia pale pale pa kukataa," alimwambia Mlingoti. "Ukalale ukifikiria. Huyu Mkwe wako mpya anamkataliaje mtu?"

"Sijui," Mlingoti alisema. "Hajawahi kumkatalia mtu."

"Basi kesho," Hakimu alisema, akaendelea na mabenchi yake, na Mlingoti na baba yake wakarudi kuchukua meza ya pili.